Mizinga Mitatu ya Nahodha Saruhan

PUUU!

Huo ndio mzinga wa tatu, ule ambao mmebishana juu yake wiki nzima kama utapigwa au hautapigwa. Umepigwa. Poleni sana wote mliosema nahodha Saruhan ni mtu mwenye haya.

Moshi ukatanda juu ya maji ya bandari ya Trablus. Mji ukalipuka kwa vigelegele. Saruhan mwenyewe akabaki amesimama kwenye tezi, sehemu ya nyuma ya merikebu yake, mkono ungali juu, kama mwanafunzi aliyenyoosha kidole kuomba ruhusa ya kwenda msalani kisha akasahau alichotaka.

Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki jana lilikwenda kufungia maandazi, habari ni hii. Saruhan na Balaban, ndugu yake wa kunyonya ziwa moja, walitoka na merikebu mbili za makasia kuwinda meli za adui. Badala ya kuwinda wakawindwa. Merikebu tatu za Malta ziliwakurupusha, ya Balaban ikavunjika mlingoti, Saruhan akaifunga kamba akawa anaivuta. Adui walipokaribia, Saruhan akachukua shoka, akaikata ile kamba. Kwa mkono wake. Kisha akapiga makasia kurudi nyumbani.

Sasa, pale Trablus merikebu ya vita haiingii bandarini hivi hivi. Iliyoteka meli moja hupiga mzinga mmoja, iliyoteka mbili hupiga miwili. Isiyoteka kitu huingia kimya, na watoto wa gatini huizomea mpaka nahodha atamani kumezwa na samaki. Na ile iliyompoteza mwenzake hushusha bendera nusu mlingoti, na kila mwanamke mwenye mtu baharini hutoka mlangoni kungoja kuambiwa: ni wewe, au ni jirani yako.

Bendera nusu ndiyo iliyokuwa haki ya Saruhan siku ile. Lakini alipoipinda rasi aliona merikebu ya Istanbul, mji wa Sultani, imetia nanga, imenakshiwa dhahabu kama bibi harusi. Akajua imeleta nini. Imeleta joho la ujemadari wa bahari, na ile taa kubwa ya tezi ambayo nahodha wa kawaida haruhusiwi hata kuifuta vumbi. Tangu ujana aliitamani taa hiyo.

Akaitazama bendera. Akaitazama merikebu ya dhahabu. Akasema, “Piga.”

“Nimepiga mitatu, nahodha,” alisema Veli Mrefu, mkuu wa mizinga, mtu ambaye kila mlango wa Trablus ulikuwa na alama ya paji lake la uso. “Sasa hizo meli tatu ziko wapi?”

“Zinakuja.”

“Zinaletwa na nani?”

“Na Balaban.”

Veli akaitazama bahari nyuma yao. Bahari ilikuwa tupu, imetulia, haina hatia.

“Balaban,” akarudia polepole. “Yule tuliyemkatia kamba.”

“Niliyemkatia. Wewe hukukata kitu. Nyamaza tu, Veli, na uwanyamazishe wenzako.”

“Kunyamaza naweza, nahodha. Nina watoto, na wananihitaji nikiwa na kichwa. Lakini nikuulize. Kwa nini mitatu? Si ungepiga hata mmoja, tukadanganya kidogo kidogo?”

Saruhan alilijua jibu, na lilimwasha usoni. Mtu anayedanganya kwa haraka hashiki namba ya mbali. Alishika ile iliyokuwa bado inamfukuza kichwani: tatu.

* * *

Gatini palikuwa hapatoshi. Watu walipanda juu ya mapipa, juu ya marundo ya kamba, juu ya wenzao.

“Saruhan!” aliita nahodha Kutlu, hasimu wake wa miaka mingi, mtu mnene aliyekuwa na sauti ya kuuza mbuzi. “Mitatu! Kweli mitatu? Maana mwaka jana uliteka mashua ya vitunguu ukapiga mzinga mpaka tukadhani umeleta Venisi nzima!”

Watu wakacheka. Saruhan naye akacheka, kwa sauti kuliko wote.

“Ziko nyuma,” akasema. “Anazileta Balaban.”

“Basi ngoja nitoke na merikebu zangu nne nimpokee,” alisema Kutlu, na safari hii hakuwa na utani. “Mtu mmoja na meli tatu zilizotekwa, na wale wa Malta wanazurura huko nje? Ni kama mtoto anayepita kwenye mbwa na nyama mkononi. Vijana wangu wameshakula, makasia yako tayari. Sema neno moja tu.”

Msomaji, hebu tusimame hapa kidogo, tuvue kofia.

Neno moja. Kutlu, adui yake, alikuwa amemletea wokovu wa Balaban mkononi kama chai ya asubuhi. Merikebu nne zingetoka sasa hivi. Pengine zingemkuta Balaban angali hai. Saruhan alitakiwa kusema “Nenda,” basi, hata sababu asingeulizwa.

Lakini Kutlu angefika kule asione meli tatu. Angeona kipande cha kamba, na angeuliza kimekatwa na nani.

“Hakuna haja,” alisema Saruhan. “Balaban si mtoto.”

Veli Mrefu akageuza uso, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Hakuwa na mfuko.

“Haya,” alisema Kutlu, akiinua mabega. “Yako wewe na ndugu yako.”

Hapo umati ukapasuka katikati, na mwanamke mfupi akapenya akiwa amebeba sinia la wali mtamu wa zafarani kichwani. Watu walimpisha wenyewe. Bi Nefise alikuwa mama yake Balaban. Mama yake Saruhan alikufa siku aliyomzaa, na Bi Nefise ndiye aliyemchukua, akawanyonyesha wote wawili, mmoja kila upande, mpaka majirani wakasema atakauka kama zabibu.

“Umekonda,” alisema, kabla hata ya salamu. “Fungua mdomo.”

“Mama, mbele za watu…”

“Watu ndio waliokunyonyesha? Fungua.”

Nahodha aliyetisha pwani tatu akafungua mdomo, akalishwa wali kwa vidole. Ulikuwa mtamu. Hakuweza kuumeza.

“Na mwenzio?”

“Yuko nyuma, Mama. Anazileta meli.”

Bi Nefise akapiga kigelegele kilichowafanya njiwa wa msikitini waruke wote kwa pamoja. Kisha akamshika Saruhan mashavu yote mawili.

“Siku mnaondoka nilimwambia Balaban: usimwache mwenzio. Nikamwambia mara tatu, maana yule akili yake hupotea akiona samaki wakubwa.”

“Na mimi uliniambia, Mama?”

“Wewe? Sikukuambia.” Akacheka. “Wewe hukuwa na haja ya kuambiwa.”

Kuna watu waliokatwa miguu kwa msumeno baharini bila dawa, wakaomba wapewe kipande cha ngozi tu cha kung’ata, waumie kimya. Saruhan angebadilishana na yeyote kati yao.

“Mama,” akasema. “Mama, sikiliza…”

“Nipisheni! Nipisheni, mimi ndiye Istanbul!”

* * *

Aliyekuwa Istanbul alikuwa Agha Behram, mjumbe wa kasri, mtu mwenye kilemba kikubwa kuliko busara yake. Tangu aondoke kwao alikuwa ametapika katika kila ghuba ya dola, na alikuwa na shauku moja tu duniani, nayo ni kumaliza kazi arudi kwenye ardhi isiyoyumba.

“Wewe ndiye mwenye mizinga mitatu? Mashallah! Leteni joho. Leteni taa. Tusipotezeane muda.”

“Bwana Agha,” alisema Saruhan, “kabla hujanivisha, kuna jambo.”

“Hustahili, sivyo? Utasema hustahili. Wote husema hivyo, kisha huniuliza kama kuna joho la pili. Nyoosha mikono.”

“Bwana Agha, kweli kabisa, sistahili.”

“Maskini, ana unyenyekevu!” Agha akawageukia watu. “Nimeambiwa Trablus hakuna unyenyekevu, kumbe upo! Mmoja!”

Watu wakashangilia. Joho likamwingia Saruhan begani, zito, la hariri nyekundu yenye nyuzi za dhahabu, na likamkaa sawasawa kana kwamba fundi alimpima usingizini. Wenzetu husema kuvishwa kilemba cha ukoka. Huyu alivishwa hariri halisi, na ilimwasha kuliko upupu.

Taa ikaletwa na watu wawili. Ilikuwa kubwa kama mtoto wa miaka mitano, vioo na shaba. Desturi ilitaka jemadari mpya aiwekee mkono na kutamka kiapo ambacho kila baharia wa dola alikijua kwa moyo, hata wale ambao hawangeiona taa hiyo ila kwa mbali, gizani, wakiifuata.

“Sema,” aliamuru Agha. “Aliye mbele na awake, aliye nyuma asipotee.”

Saruhan akaweka mkono kwenye shaba. Ilikuwa baridi.

“Aliye mbele na awake…”

Akakohoa.

“Aliye mbele na awake,” akaanza tena, na kikohozi kikamshika tena, kirefu, cha machozi.

Bi Nefise akampiga mgongoni kwa kiganja. “Furaha hiyo! Hata siku ya kutahiriwa alikohoa hivi hivi.”

Umati ukaangua kicheko. Na katikati ya kicheko hicho, akiwa ameinamisha kichwa ili mama yake asimwone macho, Saruhan akakisema kiapo chote, haraka, kwa sauti ndogo, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Akawa jemadari wa bahari. Hongera yake.

“Sasa tule,” alisema Agha Behram.

“Matanga!”

Sauti ilitoka juu mnarani. Kila shingo ikageuka.

“Matanga! Upande wa kaskazini! Moja… mbili… tatu! Meli tatu!”

* * *

Hapo Trablus ikawa na wazimu. Kofia zikarushwa. Mzee mmoja akambusu punda. Bi Nefise akakaa chini ghafla juu ya pipa, sinia mapajani, akawa anacheka na kulia kwa zamu.

Na Saruhan? Ndugu msomaji, utamcheka, lakini kwa muda wa kuvuta pumzi moja Saruhan aliamini. Aliamini kabisa. Aliona uongo wake unakuja baharini kwa miguu yake, umevaa matanga meupe, akasema moyoni: Alhamdulillah, kumbe nilisema kweli.

“Meli ya mbele ina bendera yetu!” aliita mlinzi. “Nyekundu! Ni bendera ya Balaban!”

“Shusheni mnyororo!” alipaza sauti Agha Behram, ambaye hakuwa na mamlaka yoyote juu ya mnyororo. “Mshindi asingoje nje kama muuza maji!”

Mnyororo huo ndio uliokuwa mlango wa Trablus. Ulilala mdomoni mwa bandari, kutoka mnara hadi mnara, kila pete nene kama paja la mpiga mieleka. Ukivutwa juu, hakuna meli iliyoweza kupita. Ukishushwa ukazama, mji uko wazi, na wanaume wake wote siku ile walikuwa gatini bila panga, wakibusu punda.

Gurudumu la mnyororo likaanza kulia. Pete ya kwanza ikazama.

Veli Mrefu akainama mpaka mdomo wake ukafika sikioni kwa Saruhan, safari ndefu.

“Jemadari,” alinong’ona. “Wale waliotufukuza walikuwa wangapi?”

Saruhan akahesabu: tatu.

Watu tisini katika mia ya mji ule walikuwa wakitazamia meli tatu ngeni ziingie bandarini. Hawangeshangaa kuona umbo la kigeni, tanga la kigeni, nakshi ya kigeni. Wangeshangilia. Walikuwa wameambiwa. Walikuwa wameambiwa kwa mizinga.

“Msishushe!” alipiga kelele. “Simamisheni mnyororo!”

Hakuna aliyemsikia. Akaruka juu ya pipa la samaki wa chumvi, joho la Sultani likachovyeka ndani ya mchuzi wake.

“Sikuteka meli!” akapaza sauti mpaka koo likakwaruza. “Hata moja! Nimewadanganya! Balaban alivunjika mlingoti, nikamkatia kamba nikamwacha, nikakimbia! Hizo ni meli za Malta!”

Agha Behram akaanza kucheka.

“Unyenyekevu umezidi sasa!” alisema, akijipangusa macho. “Nitamsimulia Sultani!”

Na watu wakacheka naye. Wakacheka sana. Jemadari mcheshi! Kelele za gurudumu zikaendelea, na pete ya pili ikazama, na ya tatu.

Saruhan alikuwa amedanganya mara moja tu wakamwamini wote. Sasa anasema kweli kwa sauti yake yote, anapigiwa makofi.

Wa kwanza kuacha kucheka alikuwa Kutlu. “Ndiyo maana,” alisema taratibu. “Ndiyo maana hukutaka nitoke.”

Wa pili alikuwa Bi Nefise.

Aliweka sinia chini. Akaja mpaka kwenye lile pipa, akatazama juu.

“Shuka.”

Akashuka.

“Vua hilo joho. Nataka kusema na mwanangu.”

Akalivua. Likaanguka kwenye maji ya samaki, hakuna aliyeliokota.

“Nani alikata kamba?”

“Mimi, Mama.”

“Balaban alikuwa hai?”

“Alikuwa hai. Alikuwa amesimama.”

Hakumpiga. Saruhan alikuwa ameliweka shavu tayari, na alipoona kofi haliji, ndipo alipojua kuwa hata hilo hastahili. Bi Nefise alimwacha pale pale, akaenda kwa wale waliokuwa wakizungusha gurudumu, akaweka mikono yake yote miwili juu ya mpini wake.

“Vuteni juu,” alisema.

“Lakini Agha amesema…”

“Agha ana mtoto kwenye meli ile?”

Wakaanza kuuvuta. Mnyororo mzito ule ukaanza kurudi polepole, unatiririka maji na majani ya bahari. Meli ya kwanza ilikuwa karibu sasa. Watu waliweza kuona nyuso. Na kwenye omo yake, mbele kabisa, peke yake, alisimama mwanamume mpana wa mabega, kilemba cha bluu kikipepea, mikono yake iko nyuma.

“Mama!”

Bi Nefise akaachia gurudumu kama limemuunguza.

“Mama! Waambie washushe mnyororo! Nimerudi!”

Ilikuwa sauti ya Balaban. Hapakuwa na sauti ya pili kama ile katika bahari yote.

“Amefungwa mikono!” alisema Kutlu. “Tazameni, iko mgongoni!”

“Amejishika kwa madaha,” alisema Agha. “Washindi husimama hivyo. Hata mimi husimama hivyo.”

“Ni mateka!”

“Ni mshindi!”

Waliokuwa kwenye gurudumu wakasimama, mnyororo nusu ndani nusu nje, wakimtazama Bi Nefise. Naye akamgeukia Saruhan. Macho yake yalikuwa makavu.

“Wewe ulikuwako. Ulipomwacha, alikuwa anashinda au anashindwa?”

“Mama…”

“Nijibu. Wamemleta, au amewaleta?”

“Sijui, Mama.”

“Hujui vipi, na ulikuwako?”

Mji mzima ulikuwa ukisikiliza. Hata punda.

“Sikugeuka nyuma,” alisema Saruhan.

“Saruhan!” Balaban alikuwa amemwona. Meli ilikuwa inakuja, makasia yakipanda na kushuka. “Saruhan, ndugu yangu! Waambie wewe, watakusikia! Fungueni!”

Sauti ile haikuwa na hasira. Haikuwa nayo hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia Saruhan baridi. Mtu uliyemkatia kamba, ukamwachia adui, atakuitaje ndugu kwa sauti tamu hivyo? Ama hajui aliyekata. Au nyuma ya mgongo wake, pale watu wa gatini wasipoweza kuona, kuna kisu.

Balaban alikuwa ametazama mbele au nyuma wakati kamba inakatika? Aliliona shoka? Saruhan alijaribu kukumbuka, akakumbuka mgongo wake mwenyewe tu.

Mama yake alikuwa anamngoja. Mji ulikuwa unamngoja.

Akalifikia gurudumu kwa hatua ndefu, akawasukuma watu kando, akalishika kwa mikono yake, na akalizungusha kwa nguvu zake zote. Juu. Mnyororo ukaruka kutoka majini, ukakaza, ukalia kama kamba ya kinanda, na omo ya meli ikaugonga kwa kishindo kilichomwangusha Agha Behram chini.

Balaban hakuanguka. Aliyumba, akasimama. Akamtazama Saruhan pale kwenye gurudumu, karibu kiasi cha kurushiana chungwa.

Hakupiga kelele tena. Lakini maji hubeba sauti, na kila mtu Trablus alimsikia.

“Mara ya pili, Saruhan?”